Skare Anafundishwa Kutovuta

Miaka tisa nilimlipa kwa kuvuta.
Neno moja tu, hata nusu yake,
mabega yake yakaijaza mikanda
na sleji ikang'oka kwenye barafu
kama jino.

Leo ni Aprili, mjini Alta. Theluji imekuwa uji,
halmashauri imemwaga kokoto njiani,
na mimi, Solfrid, nina chuma nyongani
chenye urefu wa kijiko cha mezani.
Daktari kasema: tembea kila siku.
Hakusema nitembee na nani.

Skare (maana yake ni lile ganda gumu
la juu ya theluji, linalombeba mtu
mpaka siku lisipombeba)
anatoka mlangoni kama deni lililoiva.
Kilo thelathini na nne. Kamba mita mbili.
Hesabu iliyobaki bega langu linaijua.

Kanuni aliniandikia mtoto wa dada yangu
nyuma ya bahasha ya benki:
Kamba ikikaza, simama.
Ikilegea, nenda.
Usivute, usifoke.
Usimtukanie baba yake. Hiyo nimeongeza mwenyewe.

Basi nasimama.
Kamba imekaza, inavuma kidogo kwa upepo.
Yeye anatazama kule darajani,
mimi natazama mkia.
Gari la taka linapita. Linarudi.
Oddvar anafungua dirisha la jikoni:
"Solfrid, umeota mizizi?"
Namwambia afunge, anapoteza joto.

Kisha sikio moja linageuka.
Uzito unarudi miguu ya nyuma,
kidogo, kama mgeni anayewaza kuketi
kwenye nyumba ambayo hajakaribishwa kiti.
Kamba inashuka, inafanya tumbo.
"Ndiyo!" nasema, na mkono uko mfukoni
kwenye vipande vya chewa mkavu
vinavyoninukia mpaka kanisani.
Hatua tatu.
Imekaza. Nasimama.

Siku ya kwanza tulifika sanduku la barua: dakika arobaini.
Ya pili hatukufika.
Ya tano alilia, wala haikuwa kwa maumivu.
Akageuka na macho yake yasiyofanana,
moja la buluu, moja la kahawia,
kana kwamba anauliza:
si ni wewe? Si hiki ndicho ulichokipenda?

Samaki hukunjwa angali mbichi, wanasema.
Huyu amekauka, na aliyemkausha ni mimi.
Lakini nimekulia kati ya vichanja vya chewa,
najua mkavu hafanywi nini:
ukimkunja, anakatika.
Mkavu hulowekwa. Siku sita, saba,
maji yakibadilishwa kila asubuhi,
na hakuna anayesimama juu ya beseni akipiga kelele.

Tukalowekwa, basi. Wote wawili.
Maana wiki ya tatu niligundua mkono wangu nao huvuta;
kiwiko kinarudi nyuma chenyewe
kabla mbwa hajawaza chochote.
Nikakipiga kofi. Skare akaketi, akidhani anaambiwa yeye.

Juzi tulipita posta, tukapita paka
aliyejilaza juu ya boneti kama mwenye gari.
Kamba ilikaza, ikatetemeka,
ikakumbuka.

Kwenye mteremko wa nyumbani barafu bado ipo,
na nyonga ilikataa.
Neno la zamani lilinijia ulimini.
Angenifikisha mlangoni kwa pumzi mbili, najua,
na yeye alijua: mabega yalikwisha kuinama, yanangoja.
Nikalimeza. Lilishuka vibaya, kama mwiba.
Tukapanda hatua kwa hatua, tumeshika ua wa Oddvar,
yaani mimi nimeshika.

Sasa tunatembea vizuri. Watu wanasema.
Ila kamba ni nyepesi mno,
haina habari yoyote ya mtu wa mbele,
na kila baada ya nyumba mbili tatu
natazama chini
kuhakikisha bado kuna mbwa.